Mbele ya Saa Sita: Lugha na Hesabu ya Wakati Mpakani Rusizi

Mfanyabiashara wa Bukavu akimwambia mwenzake wa Kamembe, "Tukutane mbele ya saa sita," maana yake ni kwamba wakutane kabla ya saa sita. Mtu aliyelelewa Unguja au Tanga akiyasikia maneno hayo hayo, yamkini atasita. Huenda akafahamu kwamba miadi ni baada ya adhuhuri, kwa kuwa kwake yeye siku za mbele ni zile ambazo bado hazijafika, na siku za nyuma ni zile zilizokwisha pita. Wote watatu wanasema Kiswahili, na saa zao za mkononi ni nzima. Hata hivyo wawili watakutana sokoni na wa tatu atawakosa.

Kisa kama hiki ni kidogo, lakini kinatufikisha kwenye swali kubwa ambalo wanafalsafa na wanaisimu wamelijadili kwa muda mrefu: je, lugha ya mtu humfanya aufikiri wakati kwa namna fulani na si kwa namna nyingine? Wako waliojibu kwa haraka. Wengine wamesema kwamba lugha ni gereza, na kwamba mtu asiye na neno la jambo hawezi kulifikiri jambo hilo. Wengine wamesema kwamba lugha ni vazi tu, na fikira za wanadamu wote ni mamoja. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia, tena historia ya mahali pamoja, yaani Rusizi, ambako hesabu za wakati zilizotoka pande mbalimbali za dunia zimekutana na zingali zinaishi pamoja.

Mahali penyewe

Mji wa Cyangugu uko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, pale mto Rusizi unapotoka ziwani kushuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Juu yake kilimani ni Kamembe, penye maduka, soko na uwanja wa ndege. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, katika nchi ya Kongo. Mpaka huu uliafikiwa na Wajerumani na Wabelgiji mwaka 1910, kisiwa cha Idjwi kikaangukia upande wa Kongo. Mkoa wa Cyangugu wa zamani ulikoma mwaka 2006, na tangu hapo sehemu hii inaitwa Wilaya ya Rusizi, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda.

Watu wa hapa huvuka daraja kila siku kwa biashara, masomo na matibabu. Kinyarwanda ndiyo lugha ya nyumbani. Kimashi husikika ng'ambo. Kiswahili ndicho cha soko na barabara. Kifaransa kiliachwa na Wabelgiji. Kiingereza kilishika nafasi katika shule za Rwanda baada ya uamuzi wa serikali wa mwaka 2008. Mtoto wa Rusizi, basi, hajifunzi wakati kwa lugha moja.

Jinsi saa zilivyofika

Kabla ya saa ya chuma, Wanyarwanda walikuwa na majina mengi ya nyakati za mchana na usiku. Urukerera ni mapambazuko. Agasusuruko ni ile saa ya asubuhi jua linapoanza kupasha mwili joto. Amanywa y'ihangu ni mchana wa jua kali. Igicamunsi ni alasiri, umugoroba ni jioni, na igicuku ni usiku wa manane. Majina haya yaliutaja wakati kwa hali yake, yaani kwa nuru, joto na kazi ya watu. Waswahili nao walifanya vivyo hivyo. Kamusi za zamani zimehifadhi msemo "mafungulia ng'ombe", maana yake wakati wa asubuhi mifugo inapotolewa kwenda malishoni. Leo walio wengi husema "saa mbili" tu, na ng'ombe wametoka katika hesabu.

Hesabu ya saa kwa nambari ililifikia Ziwa Kivu pamoja na watu waliosema Kiswahili. Mwaka 1896 Wabelgiji wa Dola Huru ya Kongo walipigana na jeshi la Rwanda huko Shangi, karibu na Cyangugu. Mwaka 1898 Wajerumani wakaweka kituo chao hapo hapo Shangi. Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiyo lugha waliyoitumia askari, makarani na wapagazi. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya Save mwaka 1900, na mwaka 1903 wakaanzisha ile ya Mibirizi katika sehemu hii ya Cyangugu. Kituo cha askari kina zamu zake, na misheni ina kengele yake. Zamu na kengele hazingoji joto la jua. Zinadai nambari.

Nambari zilizokuwa tayari vinywani mwa watu ni zile za Kiswahili. Kinyarwanda kikazipokea. Neno isaha, yaani saa, lilitoka katika Kiswahili, na hata leo Mnyarwanda husema saa moya, saa mbiri, saa tatu, na kuendelea mpaka saa sita. Lakini tazama jinsi lugha inavyopokea bila kujisahau. Ikifika saa nane, Mnyarwanda husema saa munani. Ikifika saa tisa, husema saa cyenda. Na saa kumi na moja ni saa kumi n'imwe. Munani, cyenda na imwe ni hesabu ya Kinyarwanda chenyewe. Msafara wa saa ulitoka pwani, ukafika ziwani, na ulipofika ukavikwa nguo za wenyeji.

Wabelgiji waliitwaa Rwanda mwaka 1916, wakaleta Kifaransa, na pamoja nacho hesabu inayoanza usiku wa manane. Katika ofisi na shule hesabu hiyo ikakaa. Hata hivyo haikuiondoa ile ya kwanza. Leo mtu wa Kamembe huandika 14:00 kwenye barua, kisha huisoma kwa sauti, saa munani. Jicho lake linaona kumi na nne, ulimi wake unatamka nane, wala hapotei njia. Huu ni ushahidi wa kwanza tunaouhitaji: mtu aweza kubeba hesabu mbili za wakati kichwani mwake bila moja kuiua nyingine.

Jua la Cyangugu

Wako watu, na miongoni mwao wapo walimu, wanaoitazama saa ya Kiswahili kana kwamba ni saa iliyopotoka, inayohitaji kusahihishwa kwa kuongeza au kupunguza sita. Fikira hiyo haina msingi. Kila hesabu ina mahali inapoanzia, na swali la haki ni hili: mwanzo huo unawafaa watu gani, na wanaishi wapi?

Kwa Waislamu wa pwani siku mpya huingia jua likichwa. Ndiyo maana Mswahili husema "usiku wa Ijumaa" kwa usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Usiku una saa zake kumi na mbili na mchana una zake kumi na mbili. Katika nchi zilizo karibu na ikweta hesabu hiyo haimdanganyi mtu, kwa kuwa jua huchomoza na kuchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima. Cyangugu iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini ya ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haifiki dakika 20. Brussels, ulikotoka utawala wa Kibelgiji, mchana wa Disemba ni wa saa 8 hivi, na ule wa Juni hupita saa 16. Watu wa huko wangeanza kuhesabu tangu macheo, saa moja yao ingekuwa inatangatanga mwaka mzima. Walikuwa na sababu ya kuuchagua usiku wa manane, kama sisi tulivyo na sababu ya kuyachagua mapambazuko.

Tena liko jambo la kustaajabisha. Rwanda hufuata saa iliyotangulia ile ya Greenwich kwa saa 2, yaani saa ya longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Cyangugu iko karibu na nyuzi 29. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua la Cyangugu hufika kilele chake, kwa wastani wa mwaka, dakika 4 hivi tu baada ya saa sita kamili. Dar es Salaam hufuata saa ya nyuzi 45, nayo iko kwenye nyuzi 39 na kitu. Jua lake huchelewa kwa dakika 23 hivi. Kampala huchelewa kwa dakika 50 hivi. Basi saa ya Kiswahili, iliyozaliwa pwani, inaafikiana na jua la Rusizi vizuri zaidi kuliko inavyoafikiana leo na jua la pwani yenyewe. Saa moja ya asubuhi hapa ni saa moja kweli kweli baada ya macheo.

Wala hesabu hii si ya Waswahili peke yao. Waethiopia huhesabu saa zao tangu macheo. Warumi wa kale nao walihesabu saa kumi na mbili za mchana tangu jua kuchomoza. Saa yao ya sita, iliyoitwa sexta, ndiyo mama wa neno la Kihispania siesta, yaani usingizi wa mchana. Msomaji wa Injili kwa Kiswahili akikuta habari za wafanyakazi walioajiriwa saa kumi na moja, hahitaji maelezo: anajua mara moja kwamba jua lilikuwa karibu kuchwa. Msomaji wa lugha nyingi za Ulaya hana budi kufafanuliwa.

Siku tatu zenye tano

Mambo ni magumu zaidi katika siku za juma. Mswahili huhesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, mpaka Jumatano. Kisha huacha hesabu yake na kusema Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza na Jumapili. Kinyarwanda kilianza hesabu na siku inayofuata ile ya kusali Wakristo: kuwa mbere, ya kwanza, ni Jumatatu, kuwa kabiri ni Jumanne, kuwa gatanu, ya tano, ni Ijumaa. Kiswahili cha Kivu kinafuata mpango huo huo: siku ya kwanza, siku ya pili, mpaka siku ya tano, kisha siku ya posho, ambayo ni Jumamosi, jina linalokumbusha wafanyakazi waliokuwa wakigawiwa chakula cha juma.

Matokeo yake ni kwamba siku tatu zinazofuatana zote zina "tano" ndani yake: Jumatano, Alhamisi, na kuwa gatanu. Mwanafunzi wa Rusizi anayeandika "Jumanne" akikusudia siku ya nne ya Kinyarwanda, yaani Alhamisi, hajakosa akili. Amehesabu sawasawa, ila amesimama mahali pengine. Katika majina ya siku za juma mna historia ya dini na kazi: msikiti, kanisa na kambi ya wafanyakazi kila kimoja kiliacha alama yake.

Ejo, na wale waliosema hatuna kesho

Sasa tulifikie neno ambalo limewapotosha wageni wengi. Kwa Kinyarwanda, ejo ni jana, na ejo ni kesho pia. Ejobundi ni juzi, na vile vile ni kesho kutwa. Mtu asiyeijua lugha hii akisikia hivyo huenda akasema: watu hawa hawatofautishi yaliyopita na yajayo.

Maneno ya namna hiyo yamesemwa juu ya Waafrika kwa jumla. Mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, aliyefariki mwaka 2019, alitoa mwaka 1969 kitabu mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Humo alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza jinsi alivyoona kwamba wakati wa Mwafrika wa jadi una muda mrefu uliopita, una wakati uliopo, na karibu hauna wakati ujao wa mbali. Ushahidi wake mmoja ulikuwa vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, ambavyo, alisema, havielezi mambo yajayo zaidi ya miezi michache au miaka miwili. Mbiti alikuwa msomi mkubwa, na nia yake ilikuwa kuitetea heshima ya fikira za Kiafrika. Lakini hoja hii ilipingwa, na miongoni mwa wapinzani wake ni mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, aliyetoa ushahidi wa lugha ya Kiakan.

Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi. Kwa siku zilizopita tuna jana na juzi. Kwa siku zijazo, Kiswahili cha kamusi kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo: majina ya siku nne mbele, na ya siku mbili tu nyuma. Je, tuseme kwamba Waswahili wa kale waliyajua yajayo maradufu kuliko yaliyopita? La hasha. Na vijana wa leo, ambao hawalijui neno mtondogoo, je, wamepoteza siku ya nne? Hapana. Orodha ya maneno si kipimo cha akili.

Ama ejo, siri yake imo katika kitenzi. Mnyarwanda akisema nagiye i Bukavu ejo, amekwenda jana. Akisema nzajya i Bukavu ejo, atakwenda kesho. Neno ejo linataja siku iliyo jirani ya leo, upande wowote. Kitenzi ndicho kinachoonyesha upande. Tena vitenzi vya Kinyarwanda, kwa viambishi na toni, humlazimisha msemaji kutenga jambo lililotendeka leo na lile lililotendeka jana au kabla yake. Kiswahili hakimdai hivyo. "Nilikwenda" yaweza kuwa asubuhi hii au miaka ishirini iliyopita. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza mwaka 1959 kwamba lugha hutofautiana hasa katika yale ambayo haziwezi kumruhusu msemaji ayanyamazie, si katika yale zinayoweza kuyasema. Hapo ndipo palipo na ukweli wa jambo letu. Kinyarwanda hakimnyimi mtu kesho; kinamtaka aseme mapema kama habari yake ni ya leo au si ya leo.

Mtu wa kwanza wa nchi hii kulitafiti swali hili kwa kina alikuwa padre Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1981. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda, aliyapanga mambo yote yaliyopo katika mafungu manne kwa kufuata ngeli za Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Mahali na wakati aliviweka katika fungu moja, ahantu. Mwaka 1975 alilirudia jambo la wakati katika kitabu kilichotolewa na UNESCO juu ya tamaduni na wakati. Waliomfuata wamehoji kama ngeli za sarufi zaweza kweli kuwa ngazi ya falsafa, na swali lao ni la haki. Lakini jambo aliloliona Kagame liko wazi kwa kila msemaji. Jana ni ejo hashize. Wakati ujao ni ejo hazaza. Hicho kiambishi ha- ni cha mahali. Ni kana kwamba tungesema kwa Kiswahili "pamepita" na "patakuja". Nasi pia husema "hapo kale", "papo hapo", na katika neno "alipokaa" hatujui bado kama tunaambiwa mahali au wakati, mpaka sentensi iishe.

Mwisho wa habari ya ejo ni huu. Mwezi Disemba 2018 Rwanda ilizindua mpango wa akiba ya muda mrefu, wa kumwekea mtu fedha za uzeeni. Mpango huo uliitwa EjoHeza, yaani kesho njema. Neno lile lile lililodhaniwa kwamba halijui yajayo ndilo lililochaguliwa kuubeba uzee wa mtu ambaye bado ni kijana.

Msafara na msafiri

Turudi sokoni, kwenye miadi ya "mbele ya saa sita". Maneno mbele na nyuma ni urithi wa Kibantu. Kinyarwanda kinayo, mbere na nyuma. Lakini matumizi yake katika wakati yamekwenda njia mbili.

Tuwaze msafara wa watu wanaopita njiani mmoja baada ya mwingine. Aliye mbele ndiye aliyefika kwanza. Aliye nyuma atafika baadaye. Kinyarwanda huziona siku hivyo. Mbere ya saa sita ni kabla ya saa sita. Nyuma ya saa sita ni baada yake. Na Jumatatu, kuwa mbere, ni siku inayoongoza msafara wa juma. Kiswahili cha Bukavu kinaona vivyo hivyo.

Sasa tuwaze msafiri mmoja anayetembea peke yake. Njia aliyokwisha pita iko nyuma ya mgongo wake, na safari iliyobaki iko mbele ya macho yake. Mswahili wa pwani anaposema "siku za nyuma" na "huko mbele tuendako" anasimama alipo msafiri huyo. Aliweza kuyaacha mbele na nyuma yafanye kazi hiyo kwa sababu alikwisha azima kwa Waarabu maneno mengine mawili, kabla na baada, ya kupanga lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

Hata hivyo pwani haikuusahau msafara. Mtu akifa tunasema ametangulia mbele ya haki, na katika hadithi za kale "nyuma" huweza kuwa na maana ya baadaye. Wala tusidhani kwamba picha hizi mbili ndizo pekee duniani. Waaymara wa milima ya Bolivia na Peru huyaweka yaliyopita mbele ya macho, kwa kuwa yamekwisha onekana, na yajayo huyaweka mgongoni, kwa kuwa hakuna aliyeyaona. Kila picha ina akili yake. Hatari iko pale watu wawili wanapotumia neno moja huku kila mmoja amesimama mahali pake.

Pale neno linapokuwa ushahidi

Kukosa miadi ya sokoni ni hasara ndogo. Lakini katika Rwanda maneno ya wakati yamepimwa mahali pazito kuliko soko. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilitoa hukumu yake ya kwanza ya mauaji ya kimbari tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Jean Paul Akayesu. Mashahidi walisema Kinyarwanda. Maneno yao yakafasiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Majaji waliona kwamba mashahidi wengi walipata shida kutaja tarehe, saa na umbali kwa namna iliyotakiwa na mahakama. Walisikiliza maelezo ya mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, juu ya lugha na desturi ya kusimulia, na katika hukumu wakaeleza kwamba hawakuichukua shida hiyo kuwa dalili ya uongo. Mahakama hiyo hiyo iliihukumu kesi iliyojulikana kwa jina la Cyangugu tarehe 25 Februari 2004.

Tulifikiri jambo hili kwa makini. Shahidi aliyeona msiba saa ya igicamunsi amesema kweli yake yote. Akitakiwa kuchagua kati ya saa nane na saa tisa, aweza kuyumba; na anayemsikiliza bila kuijua lugha yake aweza kuuona ukweli kuwa uongo. Kadhalika, Mnyarwanda akisema mbere y'intambara, amesema kabla ya vita. Mfasiri asiyejihadhari akiandika "mbele ya vita", msomaji wa pwani aweza kuupeleka mwaka mzima upande usio wake. Watu wa Rusizi, ambao mwaka 1994 waliona makundi ya wakimbizi yakivuka mto kwenda Bukavu, huyagawa maisha yao kwa maneno haya mawili, mbere na nyuma. Hayafai kuguswa kwa mkono mzembe.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Walimu wenzangu, Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, na Kongo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Vitabu vya Kiswahili sanifu vinavuka mipaka ambayo zamani havikuvuka. Vinamkuta mwanafunzi ambaye tayari anayo saa moya, kuwa gatanu, ejo, na mbele ya saa sita. Mwalimu akizipiga kalamu nyekundu zote kwa pamoja, amefundisha usanifu na kuua maarifa.

Njia iliyo bora ni kumwonyesha mtoto pale kila hesabu inaposimama. Aambiwe kwamba "Jumanne" huhesabiwa tangu Jumamosi, na kwa nini. Apewe kabla na baada kama zana za kupanga matukio, huku akijua kwamba mbele na nyuma za nyumbani kwao si makosa ya akili bali ni picha ya msafara. Apimwe kwa sentensi za kufasiri zenye ejo, atambue kwamba kitenzi ndicho shahidi. Na atoke nje saa sita ya mchana akitazame kivuli chake kikiwa kifupi kuliko saa nyingine zote, ajue kwamba saa anayoisema inakubaliana na jua la nchi yake.

Jibu letu kwa swali la wanafalsafa, basi, ni la kadiri. Lugha haimfungi mtu asiyajue yajayo wala haimsahaulishi yaliyopita. Inamchagulia mahali pa kusimama anapoanza kuhesabu, na inamdai aangalie jambo hili kabla ya lile. Anayejua lugha moja tu hudhani kwamba mahali pake ndipo mahali pa watu wote. Watu wa Rusizi, wanaovuka daraja asubuhi na kurudi jioni, wana nafasi ya kulijua jambo hilo mapema kuliko wengi wetu. Siku nyingine rafiki wa Bukavu akituambia tukutane mbele ya saa sita, na tufike jua lingali linapanda.